Mwongozo kamili wa mgonjwa wa ngiri: kuanzia siku unapouona uvimbe hadi unaporudi kazini

Mara nyingi ngiri hugunduliwa bafuni. Mtu anajipaka sabuni, anakohoa kidogo, na mkono unakutana na kitu laini kinenani, ukubwa wake kama nusu ya ndimu, ambacho jana hakikuwapo. Akilala kitandani kinarudi ndani, akisimama kinatokeza tena. Kwa kuwa hakiumi sana, na kwa kuwa kipo mahali ambapo mtu mzima haoneshi hovyo, hakuna anayeambiwa. Mimi nilikaa na changu miaka miwili na nusu, nikikirudisha kwa kiganja kila jioni, na katika muda huo nilikunywa chupa sita za dawa za mizizi kabla ya kumweleza hata mke wangu. Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu aliye pale nilipokuwa, na unafuata hatua kwa mpangilio ambao ningependa kuwa nao wakati ule.

Hatua ya kwanza: hakikisha ulicho nacho ni ngiri

Neno lenyewe linatupotosha. Iko ngiri ya matangazo, ile inayosomwa kwa kipaza sauti sokoni na kubandikwa kwenye nguzo za umeme: tumbo kunguruma, kiuno kuuma, korodani kuvuta, choo kama cha mbuzi, nguvu za kiume kupungua. Orodha hiyo ni pana kiasi kwamba mwanamume yeyote aliyevuka miaka 30 atajikuta ndani yake, na nadhani imetungwa hivyo makusudi. Ngiri ya hospitali, ambayo wengine huiita henia, ni jambo moja tu: ukuta wa misuli ya tumbo una tundu au sehemu iliyolegea, na kilicho ndani, yaani mafuta ya tumboni au utumbo wenyewe, kinasukumwa kupitia hapo na kutokeza chini ya ngozi. Gunia lililotoboka halizibwi kwa kubadilisha nafaka iliyomo, linashonwa. Ndiyo sababu hakuna dawa ya kunywa, ya kuchanja wala ya kupaka inayoponya ngiri ya aina hii. Mkanda wa kubana nao huzuia uvimbe kutokeza kwa saa chache tu, bila kuliziba tundu.

Ngiri iliyo ya kawaida zaidi ni ya kinenani, na huwapata wanaume kuliko wanawake. Iko pia inayotokea chini kidogo ya mkunjo wa paja, ambayo huwapata zaidi wanawake na ni ya hatari zaidi, kwa sababu tundu lake ni jembamba na utumbo hubanwa kwa urahisi. Nyingine hutokea kwenye kitovu, juu ya kitovu, au kwenye kovu la upasuaji wa zamani, ukiwamo wa kujifungua.

Mambo mawili huchanganywa sana na ngiri. La kwanza ni mtoki, yaani tezi za kinena zilizovimba, mara nyingi kwa sababu ya kidonda cha mguuni au maambukizi. Mtoki huwa mgumu, huuma ukiubonyeza, na haurudi ndani ukilala. La pili ni busha, ambalo wakazi wa pwani yetu, kuanzia Kilifi na Kwale hadi Tanga, Lindi na Mtwara, wanalifahamu kwa sababu mbu hueneza huko minyoo inayoleta matende na mabusha. Busha ni maji yaliyojikusanya kuzunguka korodani. Ngiri ya kinenani nayo ikikaa muda mrefu hushuka hadi kwenye mfuko wa korodani, na hapo jirani asiyejua huita vyote viwili mshipa. Daktari huvitenganisha kwa njia rahisi: hujaribu kuifikia sehemu ya juu ya uvimbe kwa vidole viwili, kisha katika chumba chenye giza huweka tochi nyuma yake. Uvimbe wa maji mara nyingi hung’aa wekundu kama taa ndani ya karatasi; ngiri ya mtu mzima kwa kawaida haipitishi mwanga, na vidole haviwezi kupita juu yake kwa sababu inaendelea hadi tumboni.

Watoto wana kanuni zao. Kitovu kilichotokeza kwa mtoto mchanga kwa kawaida hujifunga chenyewe kabla ya umri wa miaka minne au mitano, na sarafu inayofungwa kwa kitambaa juu yake haiharakishi lolote, bali huweza kuiletea ngozi vidonda. Uvimbe wa kinenani kwa mtoto mchanga ni kinyume kabisa: haujifungi, hubanwa kwa urahisi, na mtoto apelekwe hospitali yenye uwezo wa kupasua watoto bila kungoja akue.

Hatua ya pili: zijue dalili za kukimbilia hospitali usiku huohuo

Hatua hii naiweka mapema kwa sababu ndiyo inayookoa maisha. Ngiri iliyobanwa ni ile ambayo utumbo umenaswa ndani ya tundu na damu haiufikii. Uvimbe uliokuwa ukirudi ndani haurudi tena, unakuwa mgumu, unauma kwa namna ambayo hujawahi kuisikia, na ngozi juu yake huweza kuwa nyekundu au kubadilika rangi. Tumbo linajaa, mtu anatapika, hapati choo wala hatoi upepo, na baadaye homa inaingia. Si lazima dalili zote zitimie. Uvimbe mgumu wenye maumivu na kutapika vinatosha.

Hapo usisukume uvimbe kwa nguvu, usikande kwa maji ya moto, usinywe dawa ya kuharisha, na usile wala kunywa chochote njiani, kwa sababu huenda ukaingizwa chumba cha upasuaji mara ufikapo. Utumbo usiopata damu huanza kufa ndani ya saa chache, na kinachoweza kuwa upasuaji wa saa moja hugeuka kuwa wa kukata kipande cha utumbo na kuunganisha ncha zake. Nenda moja kwa moja mahali panapofanyika upasuaji. Zahanati ikiwa njiani, simama hapo ikiwa tu inaweza kukuitia gari la wagonjwa.

Hatua ya tatu: nenda ukachunguzwe, na ujue utakachofanyiwa

Wengi hawaogopi kisu kama wanavyoogopa kuvua nguo. Basi heri ujue mapema kinachotokea. Daktari atakuomba usimame, aone uvimbe ukiwa umetokeza, aweke kidole kwenye kinena au juu kidogo ya korodani, kisha aseme: “Kohoa.” Unapokohoa, kitu kinagonga ncha ya kidole chake. Baada ya hapo atakulaza aone kama unarudi, na atakagua upande wa pili, kwani ngiri huweza kuwa pande zote mbili. Yote hayachukui dakika tano. Mwanamke ana haki ya kuomba awepo muuguzi wa kike chumbani, na akiomba kuchunguzwa na daktari wa kike pale anapopatikana, hajaomba upendeleo.

Uvimbe mdogo una tabia ya kujificha siku ya kliniki. Nenda mchana baada ya kutembea au kufanya kazi, wala si asubuhi baada ya usingizi, na kama una simu yenye kamera, piga picha siku uvimbe umetokeza vizuri. Nimekutana na wagonjwa walioambiwa hawana kitu kwa sababu altrasaundi ilipigwa wakiwa wamelala kimya. Kipimo hicho huona zaidi mgonjwa akikohoa au akisimama. Ngiri inayoonekana kwa macho, kwa upande mwingine, kwa kawaida haihitaji kipimo cha picha, na ukiagizwa vipimo vingi vya gharama ni halali kuuliza kwa adabu: “Daktari, majibu ya kipimo hiki yatabadilisha nini?”

Eleza pia mambo unayoyaona hayahusiani. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi kinatakiwa kupimwa kifua kikuu. Mzee anayejikamua ili mkojo utoke achunguzwe tezi dume kwanza. Anayekaa siku nne bila choo atibiwe hilo. Vyote hivyo husukuma ukuta wa tumbo kutoka ndani, na mshono mpya hautadumu iwapo kinachousukuma bado kipo. Taja dawa zote unazotumia, hasa za kuyeyusha damu, za kisukari na za presha, pamoja na zile za mitishamba.

Hatua ya nne: amua kama ni sasa au baadaye

Hapa ndipo mawazo hutawanyika, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mwaka 2006 nchini Marekani yalitolewa matokeo ya utafiti uliowahusisha wanaume 720 wenye ngiri ya kinenani isiyowasumbua au inayowasumbua kidogo. Baadhi walipasuliwa na wengine wakaachwa wakifuatiliwa. Waliobanwa ghafla walikuwa wachache sana, chini kidogo ya watu wawili kwa kila watu elfu kwa mwaka. Lakini walipofuatiliwa kwa miaka kumi, takriban theluthi mbili ya wale walioachwa walikuwa wamekwishaomba kupasuliwa, wengi wao kwa sababu ya maumivu. Kwa hiyo mwanamume mwenye uvimbe mdogo usiouma hajafanya kosa akingoja mavuno yaishe au ada ya mtoto ilipwe, ila asijidanganye kwamba jambo limekwisha.

Hesabu hiyo, hata hivyo, ilifanywa kwa watu ambao wakizidiwa usiku wanaweza kufika chumba cha upasuaji upesi. Anayekaa kisiwani, au kijijini ambako mvua ikinyesha barabara inakatika, ana hesabu nyingine, na kwa maoni yangu umbali wa hospitali uwe sababu ya kupasuliwa mapema hata kama uvimbe hausumbui. Mwanamke mwenye ngiri ya chini ya mkunjo wa paja asingoje, na vivyo hivyo mtoto mwenye ngiri ya kinenani, na mtu yeyote ambaye uvimbe wake umeanza kuwa mgumu kurudi.

Hofu ya uanaume nayo ijibiwe bila kuzungukazunguka. Ngiri haiondoi nguvu za kiume, ingawa uvimbe mkubwa na maumivu huweza kulifanya tendo liwe gumu. Upasuaji haugusi mishipa inayosimamisha uume. Ni kweli kwamba mrija wa mbegu na mishipa ya damu ya korodani hupita palepale panaposhonwa, na huweza kujeruhiwa, lakini hutokea mara chache. Hatari hiyo huongezeka pale ngiri iliyokwishapasuliwa inaporudi na kupasuliwa tena. Muulize daktari kuhusu jambo hilo kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa.

Hatua ya tano: jiandae, na uulize habari za wavu

Ngiri ya kawaida hupasuliwa katika hospitali nyingi za wilaya, na si lazima kusafiri hadi hospitali ya taifa. Uliza mapema gharama yote kwa jumla: kumwona daktari, vipimo vya damu, upasuaji, kulala wodini, dawa za kwenda nazo nyumbani, na vifaa utakavyotakiwa kununua nje. Mwenye bima, iwe NHIF kwa Tanzania au SHA kwa Kenya, aulize kama kibali kinatakiwa kabla ya siku yenyewe na kama wavu unalipiwa.

Wavu huo, ambao madaktari huuita meshi, ndio unaowatia wagonjwa wasiwasi kuliko yote, kwa kuwa wamesikia habari za “plastiki inayowekwa tumboni.” Njia ya zamani, iliyoanzishwa na daktari Edoardo Bassini wa Italia katika miaka ya 1880, ni kuvuta misuli ya pande mbili na kuishona pamoja. Inafaa mpaka leo, ila misuli iliyovutwa hukaza na tundu hufunguka tena mara nyingi zaidi. Katika miaka ya 1980 Irving Lichtenstein wa Marekani alieneza njia ya kutandika kipande cha wavu juu ya tundu bila kuvuta chochote. Nyama ya mwili huota kupitia vitundu vyake mpaka ukawa sehemu ya ukuta. Hiyo ndiyo inayopendekezwa sasa kwa watu wazima wengi. Kwa watoto wadogo wavu hauhitajiki.

Shida ni bei, na jibu moja limetoka karibu na kwetu. Matokeo ya utafiti uliofanywa Uganda kwa wanaume 302 yalichapishwa mwaka 2016: nusu yao waliwekewa wavu wa kiwandani, na nusu wavu wa bei ndogo uliotengenezwa kwa kitambaa cha aina ya chandarua, uliokatwa na kutakaswa kwa vipimo maalumu. Baada ya mwaka mmoja ngiri ilikuwa imemrudia mtu mmoja tu katika kundi la wavu wa bei ndogo, na hakuna katika kundi lingine, wala nafuu yao haikutofautiana. Hilo si ruhusa ya kwenda na chandarua chako hospitali, kwa sababu vitambaa havifanani na vingine huyeyuka vinapotakaswa kwa joto. Ni ruhusa ya kumuuliza daktari anatumia nini, na kwa nini. Akisema atashona bila wavu kwa sababu haupo, uliza kama kuna hospitali ya karibu inayoutumia, kisha pima tofauti ya nauli na gharama.

Kabla ya siku yenyewe acha sigara kwa wiki kadhaa ukiweza, panga atakayeshika kazi zako, na tafuta mtu wa kukusindikiza. Usijinyoe kinena kwa wembe nyumbani, kwa sababu mikwaruzo yake huwa mlango wa vijidudu. Kama nywele zitahitaji kuondolewa, wauguzi watazipunguza kwa kifaa chao.

Hatua ya sita: siku ya upasuaji

Kanuni ya jumla ni kutokula chakula kwa saa 6 na kutokunywa hata maji kwa saa 2 kabla ya kupasuliwa, lakini ukiambiwa uanze kufunga saa sita usiku, fuata ulichoambiwa. Uji na chai ya maziwa vinahesabiwa kuwa chakula. Hakikisha upande wenye ngiri umewekwa alama ya kalamu ukiwa macho, na mtu akikuuliza jina na upande kwa mara ya nne usichoke kumjibu.

Upasuaji huu hufanywa kwa ganzi ya sehemu ile tu, kwa sindano ya mgongo, au kwa nusukaputi. Sindano ya mgongo inaogopwa kwa sababu inadaiwa kuacha maumivu ya mgongo maisha yote. Haifanyi hivyo. Huweza kuuacha mgongo ukiuma siku chache pale ilipoingia, na baadhi ya watu huumwa kichwa siku zinazofuata, hasa wakiketi au kusimama. Hilo litaje wodini, linatibika. Mimi nilichomwa nikiwa nimeketi, kidevu kifuani, nimekumbatia mto. Miguu ikawa mizito na ya moto, kisha si yangu. Nilisikia vyuma vikigongana kwenye sinia na mtu akiuliza saa ngapi daladala ya mwisho inaondoka, nilisikia mkono ukivuta tumboni bila maumivu, na baada ya kama saa moja nikaambiwa tumemaliza.

Hatua ya saba: siku kumi za kwanza

Kazi ya kwanza ni kukojoa. Baada ya sindano ya mgongo kibofu huchelewa kuamka, na wanaume wenye tezi dume kubwa ndio hukwama zaidi. Ikiwa kibofu kimejaa na mkojo hautoki, sema mapema. Kuwekewa mpira wa kutolea mkojo kwa muda mfupi si aibu. Kazi ya pili ni kuamka: geukia ubavu, shusha miguu, kisha jisukume kwa mkono badala ya kuinuka kwa tumbo. Ukitaka kukohoa au kupiga chafya, bana kidonda kwa mto au kwa kiganja. Tembea siku hiyohiyo au kesho yake, kwa sababu damu inayolala miguuni huganda.

Siku ya pili au ya tatu wengi hushtuka kuona mfuko wa korodani na uume vimekuwa vyeusi kama vimepigwa. Ni damu iliyovilia ikashuka chini, na huisha kwa wiki mbili hivi. Uvimbe mgumu chini ya kovu nao ni wa kawaida kwa wiki kadhaa, na haimaanishi kwamba ngiri imerudi. Chupi inayobana vizuri husaidia kuliko kanga iliyofungwa kiunoni. Kunywa dawa za maumivu kwa saa zake, usingoje mpaka uanze kuguna, na kula mboga, papai na maji ya kutosha ili choo kisikulazimishe kujikamua.

Wazazi na mashangazi watataka kukukanda kwa maji ya moto. Washukuru, lakini kidonda kisikandwe. Kiache kikavu kwa muda uliopangiwa, na ikiwa uzi si wa kuyeyuka, rudi kuutoa siku ya 7 hadi ya 10. Ukiona usaha, wekundu unaotambaa, homa, damu isiyokoma, au korodani inayouma kupita kidonda chenyewe, usingoje siku ya miadi.

Hatua ya nane: kazi, ndoa na maumivu yanayobaki

Zamani mgonjwa aliambiwa asiinue hata ndoo kwa miezi mitatu, na mafundi wengi waliahirisha upasuaji kwa sababu hiyo. Kwa upasuaji wa wavu usiokuwa na tatizo, maelekezo ya sasa ni mepesi zaidi: kazi nyepesi na za ofisini ndani ya wiki moja au mbili, na kurudi kwenye mambo ya kawaida kadiri maumivu yanavyoruhusu. Anayebeba magunia, kulima kwa jembe au kuchota zege ajipe wiki nne hadi sita na aanze na nusu ya mzigo. Mwendesha bodaboda arudi anapoweza kukanyaga breki ghafla bila kusita. Tendo la ndoa nalo halina tarehe maalumu. Wengi huwa tayari baada ya wiki mbili au tatu, na mwenye maumivu amweleze mwenzake badala ya kumkwepa.

Ngozi iliyo chini ya kovu huweza kubaki na ganzi kwa miezi. Zaidi ya hapo, takriban mtu mmoja kati ya kumi huendelea kusikia maumivu baada ya miezi mitatu, mara nyingi hafifu, mara chache ya kuzuia kazi. Madaktari wengi hawalisemi hili kabla, na mgonjwa anapolipata hudhani amesahauliwa mkasi tumboni. Mara nyingi chanzo ni neva iliyokwaruzwa au kunaswa kwenye kovu, na ziko dawa za neva na sindano za ganzi za kulitibu. Rudi kwa aliyekupasua, mwoneshe kwa kidole kimoja mahali hasa panapouma, na mwambie ni wakati gani: ukiinama, ukipanda ngazi, au ukiwa umekaa. Kama uvimbe wenyewe umeonekana tena ukikohoa, mwoneshe ukiwa umesimama, kama ulivyofanya mara ya kwanza.